Wimbo wa Nani? Chuck Berry na Majina Matatu Chini ya "Maybellene"

Wimbo wa zamani ukirudiwa na kijana wa leo, mabishano hayakawii. Mmoja atasema huyo kaiba. Wa pili atasema hakuiba, alilipia. Wa tatu atauliza: alimlipa nani, na mwenyewe alishafariki? Chai haijapoa, watu watano wanabishania vitu vitano huku kila mmoja akidhani wanabishania kimoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Malaika, wimbo ambao wengine wanasema ni wa Fadhili William wa Kenya na wengine wanasema ni wa Adam Salim wa Tanzania. Ulipopita midomoni mwa Miriam Makeba na baadaye Boney M, swali likazidi uzito: fedha ziende kwa nani, na kwa sababu gani?

Kesi ya Malaika siiamui hapa. Nataka kuliendea suala hili kupitia Mmarekani mmoja ambaye maisha yake ya muziki yaligusa karibu kila mlango wa biashara hii, mingine akaingia kwa hasara, mingine kwa faida. Ni Chuck Berry, mmoja wa waanzilishi wa muziki wa roki, ile roki ya mwanzo kabisa iliyoitwa rock and roll. Wengi wanamjua kwa picha: mtu mrefu, mwembamba, gitaa limeshuka kiunoni, amechuchumaa anakatiza jukwaa kwa mwendo wa bata. Wachache wanajua kwamba wimbo wa kwanza uliomtoa ulikuwa na watunzi watatu kwenye karatasi, na kwamba wawili kati yao kazi ya kutunga hawakuifanya.

Kiwanja na nyumba

Kuna jambo moja ambalo likieleweka, mengine yote hurahisika. Wimbo ni vitu viwili vilivyokaa pamoja mpaka tukasahau kuvitenganisha. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi. Na kuna rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio siku fulani, na watu fulani, kwa ala fulani.

Watu wa Mombasa wanao mfano wa hili mitaani kwao: nyumba bila ardhi. Mtu anajenga nyumba yake kwenye kiwanja cha mwingine. Kuta ni zake, paa ni lake, vyumba anapangisha na kodi anakula mwenyewe. Lakini ardhi iliyo chini si yake, na kila mwezi humpelekea mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Basi utunzi ni kiwanja, na rekodi ni nyumba. Tofauti ni kwamba kiwanja cha wimbo hakijai: waimbaji mia wanaweza kujenga juu yake nyumba mia, na kila nyumba ikadaiwa kodi ya ardhi. Kodi hiyo ndiyo mirabaha ya mtunzi. Haki ya kuidai ndiyo hakimiliki.

Yupo na mtu wa tatu, ambaye ndiye huwachanganya wengi: mchapishaji wa muziki. Jina hilo lilitokana na enzi ambazo nyimbo ziliuzwa zikiwa zimechapwa kwenye karatasi. Siku hizi, na hata enzi za Berry, kazi yake ni ya msimamizi wa kiwanja. Anasajili hati, anakusanya kodi, anamshtaki asiyelipa. Kwa desturi ya Marekani ya wakati ule alichukua nusu ya makusanyo, na mara nyingi hati yenyewe ya kiwanja iliandikwa kwa jina lake. Mtunzi alibaki na haki ya kupewa fungu lake, si ya kushika hati.

Kutoka St. Louis hadi Chicago

Charles Edward Anderson Berry alizaliwa St. Louis, jimbo la Missouri, Oktoba 18, 1926. Baba yake alikuwa fundi wa ujenzi na shemasi wa kanisa la Kibaptisti. Ujanani aliingia kwenye unyang'anyi wa silaha, akakaa katika gereza la vijana mpaka siku alipotimiza miaka 21. Alipotoka alioa, akafanya kazi kiwanda cha magari, akasomea ususi. Mkesha wa mwaka mpya wa 1953, mpiga piano Johnnie Johnson alipungukiwa na mtu katika bendi yake ya watu watatu, akamwita Berry ashike nafasi. Wakawa wanapiga katika klabu ya Cosmopolitan, East St. Louis, ng'ambo ya mto Mississippi.

Pale klabuni Berry alianza kuchanganya bluzi ya watu weusi na kantri, muziki wa wazungu wa mashambani. Wasikilizaji weusi walicheka mwanzoni, kisha wakaanza kuuomba. Mei 1955 akasafiri kwenda Chicago, akamwona mwanabluzi Muddy Waters akipiga, akamuuliza mtu anaanzia wapi kurekodi. Muddy Waters akamwelekeza kwa Leonard Chess, mwenye kampuni ya Chess.

Berry alidhani Chess angetaka bluzi. Kilichomvutia Chess kilikuwa wimbo wake mmoja wa kantri, uliojengwa juu ya Ida Red, wimbo wa jadi ambao mwanamuziki wa kantri Bob Wills alikuwa ameurekodi mwaka 1938. Ida Red haukuwa na mwenyewe. Ulikuwa kama uwanja wa kijiji, kila mtu anapita. Berry akaandika maneno mapya kabisa: kijana ndani ya Ford anamfukuza mpenzi wake msaliti aliyemo ndani ya Cadillac, mvua inanyesha, injini imechemka. Jina likabadilishwa kuwa Maybellene. Walirekodi Mei 21, 1955, Johnnie Johnson akiwa kwenye piano na Willie Dixon kwenye besi.

Santuri hiyo, Chess namba 1604, ilitoka Julai. Ilishika namba 1 kwenye chati ya muziki wa watu weusi, ikavuka hadi namba 5 kwenye chati ya wote, na kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Kwa mtu mweusi wa miaka 28 ambaye miezi michache nyuma hakuwa na santuri hata moja, haya yalikuwa makubwa.

Maandishi madogo katikati ya santuri

Ukiishika santuri ya zamani, angalia ile karatasi ya duara katikati. Jina la kampuni liko juu, kubwa. Jina la msanii lipo, linasomeka. Jina la wimbo lipo. Halafu, chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo kuliko zote, mara nyingi ndani ya mabano, kuna majina ambayo hakuna mnunuzi anayehangaika kuyasoma. Hapo ndipo kiwanja kinapotajwa kwa jina la mwenyewe.

Kwa Maybellene majina hayo yalikuwa matatu: Berry, Fratto, Freed. Russ Fratto alikuwa mfanyabiashara wa karibu na Leonard Chess. Alan Freed alikuwa mtangazaji wa redio WINS ya New York, mtu mwenye nguvu kuliko wote katika kuupa muziki huu mpya nafasi hewani. Katika tawasifu yake ya 1987, Berry alieleza kwamba aliambiwa wimbo ungesikilizwa zaidi ukiwa na majina makubwa, naye kwa kuwa alikuwa mgeni, maelezo hayo yalimwingia akilini. Hakujua kwamba jina kwenye mstari ule ni mgawo wa fedha.

Kwa nini mtangazaji apewe kiwanja badala ya bahasha? Hapa kuna jambo la sheria za Marekani ambalo hata Wamarekani wengi hawalijui. Redio ya kawaida kule, inapopiga wimbo, humlipa mtunzi na mchapishaji. Mwimbaji halipwi. Mpiga piano halipwi. Kampuni iliyorekodi hailipwi. Ndivyo ilivyokuwa 1955 na ndivyo ilivyo hadi leo kwa redio za masafa ya kawaida. Kwa hiyo mtangazaji ambaye jina lake limo kwenye mstari wa watunzi, kila anapouweka wimbo hewani anajiwekea fedha mfukoni. Bahasha huisha. Jina kwenye hati huendelea kulipa akiwa amelala.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Kuanzia 1909 hadi mwisho wa 1977, sheria ya Marekani iliweka kiwango cha mirabaha ya utunzi kuwa senti 2 kwa kila nakala inayouzwa. Nakala milioni moja ni dola 20,000. Mchapishaji akichukua nusu, watunzi wanabakiwa na dola 10,000. Mtunzi akiwa mmoja, zote ni zake. Wakiwa watatu na wakagawana sawa, anapata 3,333 na senti kidogo. Na hapo bado mapato ya redio, bado santuri za waimbaji wengine watakaorudia wimbo, bado miaka 30 inayofuata.

Sasa ongeza jambo moja zaidi. Mchapishaji wa nyimbo nyingi za Berry ilikuwa kampuni ya Arc Music, ambayo wamiliki wake walikuwa ndugu wawili wa Chess pamoja na ndugu wawili wa familia ya Goodman. Yaani waliomiliki nyumba ndio walewale waliomiliki ofisi ya kusimamia kiwanja. Anayepaswa kudai kodi na anayepaswa kulipa kodi walikaa upande mmoja wa meza, na mtunzi peke yake upande wa pili. Halikuwa jambo la siri wala la Chess peke yao, biashara nzima iliendeshwa hivyo. Lakini kuenea kwake hakuifanyi dhuluma kuwa haki, na mimi sioni jina jingine la kuiita.

Mchezo wa kuwahonga watangazaji ulipewa jina la payola. Bunge la Marekani liliuchunguza hadharani mwaka 1960, na mwaka huohuo sheria ya shirikisho ikaupiga marufuku. Freed alikuwa ameshafukuzwa redioni mwishoni mwa 1959. Mwaka 1962 alikiri makosa mawili ya rushwa ya kibiashara, akatozwa faini ya dola 300. Alifariki Januari 1965. Jina lake kwenye Maybellene halikuguswa na kesi hiyo. Yeye na Fratto waliondolewa kwenye mstari wa watunzi mwaka 1986, wimbo ukiwa na umri wa miaka 31.

"Wazungu walimwibia"

Hii ndiyo kauli inayosikika zaidi, na ina ukweli na kosa ndani yake. Kosa ni pale watu wanaposema kwamba The Beatles au Rolling Stones walimwibia Berry kwa kuimba nyimbo zake. Nchini Marekani, wimbo ukishatolewa rasmi mara moja, mtu yeyote anaweza kuurekodi upya bila kubembeleza ruhusa, mradi alipe ile kodi ya ardhi. The Beatles walipoirekodi Roll Over Beethoven mwaka 1963 na Rock and Roll Music mwaka 1964, walikuwa wanajenga nyumba kwenye viwanja vya Berry, na nyumba zao zilikuwa ghorofa. Kila nakala waliyouza ilimpa yeye fungu.

Kwa Berry hili lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu mwaka 1963 mwenyewe hakuweza kupanda jukwaani. Alikuwa gerezani. Alihukumiwa kwa kumsafirisha binti wa miaka 14 kuvuka mipaka ya majimbo kwa madhumuni machafu. Hukumu ya kwanza ilifutwa kwa sababu ya maneno ya kibaguzi ya jaji, kesi ikasikilizwa upya, akapatikana tena na hatia. Ubaguzi ulikuwepo kweli mahakamani, na binti huyo alikuwa mtoto kweli. Yote mawili ni lazima yasemwe. Alikaa ndani kuanzia Februari 1962 hadi Oktoba 1963.

Ndani ya kipindi hichohicho, Rolling Stones walitoa santuri yao ya kwanza kabisa, Juni 1963, nayo ilikuwa utunzi wa Berry, Come On. Mwimbaji akifungwa kipato cha uimbaji kinakatika siku hiyohiyo. Kiwanja hakifungwi. Humo gerezani aliendelea kutunga. Kwa wimbo wa Promised Land, unaofuata safari ya kijana kutoka Virginia mpaka California, aliomba ramani ili asikosee njia. Alipotoka, You Never Can Tell na No Particular Place to Go zilikuwa tayari kichwani.

Miezi hiyohiyo kundi la Beach Boys la California lilitoa Surfin' U.S.A. Maneno yalikuwa mapya, ya vijana wa ufukweni, lakini mahadhi yalikuwa ya Sweet Little Sixteen ya Berry, na mwanzoni aliyeandikwa kuwa mtunzi alikuwa Brian Wilson wa kundi hilo peke yake. Hapa hatuzungumzii kurudia wimbo na kulipa. Hii ni kujenga kwenye kiwanja cha mtu na kuweka kibao chenye jina lako. Arc Music walipodai, haki za wimbo huo ziliachiwa kwao, na baadaye jina la Berry likaingia kwenye mstari wa watunzi. Msimamizi yuleyule aliyekula nusu alikuwa, siku hiyo, na meno ya kumtetea.

Mfano unaonifundisha kuliko yote ni wa John Lennon wa The Beatles. Mwaka 1969 The Beatles walitoa Come Together, ambayo mwanzo wake unafanana na You Can't Catch Me ya Berry. Lennon akashtakiwa. Ukimuuliza mtu yeyote nani alishtaki, atasema Chuck Berry. Sivyo. Aliyeshtaki ni Morris Levy, mfanyabiashara wa New York, kwa sababu kampuni yake ndiyo iliyoshika hati ya wimbo huo. Wakapatana mwaka 1973, Lennon akakubali kurekodi nyimbo zilizomo kwenye milki ya Levy. Mtunzi mwenyewe hakuwa upande wowote wa kesi iliyohusu kazi ya mikono yake.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alimwibia Berry, sitaanza na The Beatles, vijana wa Liverpool. Nitaanza na meza ya ofisi ya Chicago, na mstari ule wa herufi ndogo.

Kisichokuwa na hati

Kuna wanaoamini kwamba kila kitu kwenye wimbo kina mwenyewe. Sikiliza mwanzo wa Johnny B. Goode ya 1958, yale mapigo ya gitaa ambayo kila anayejifunza roki lazima ayapitie. Kisha sikiliza Carl Hogan, mpiga gitaa wa Louis Jordan, kwenye Ain't That Just Like a Woman ya 1946. Ni karibu noti kwa noti. Berry hakulificha hilo, alimtaja Hogan miongoni mwa waliomfunza. Hogan hakuhesabiwa kuwa mtunzi wa wimbo ule wa 1946, na staili ya upigaji haisajiliwi. Hati inashika maneno na mahadhi. Mkono wa mpigaji, hata ukiwa ndio unaoubeba wimbo, uko nje ya ua.

Tena kuna wanaodhani msanii mkubwa hukumbukwa na chati kwa kazi zake kubwa. Berry alifika namba 1 kwenye chati kuu ya Marekani mara moja tu, mwaka 1972, kwa My Ding-a-Ling, wimbo wa mzaha ambao Dave Bartholomew wa New Orleans alikuwa ameutunga na kuurekodi mwaka 1952. Johnny B. Goode haikufika huko. Johnny B. Goode ndiyo iliyowekwa kwenye santuri ya dhahabu ya vyombo vya anga za juu vya Voyager mwaka 1977 na kurushwa nje ya mfumo wa jua.

Maybellene ulimwachia Berry tabia ambayo mapromota waliilalamikia maisha yake yote. Alisafiri peke yake na gitaa lake, akapiga na bendi yoyote ya mji aliofikia bila mazoezi, na fedha taslimu alizitaka mkononi kabla hajapanda jukwaani. Muziki uliumia kwa hilo, usiku mwingine uliumia sana. Fedha hizo za mkononi ndizo zilizompeleka tena ndani mwaka 1979, miezi minne, kwa kukwepa kodi. Ninamwelewa bila kumsamehe. Mtu aliyewahi kusomewa karatasi asiyoielewa huziogopa karatasi zote.

Halafu ikaja zamu yake kukaa upande wa pili wa meza. Novemba 2000 Johnnie Johnson, yule mpiga piano aliyemwita bendini, alimshtaki akidai kwamba zaidi ya nyimbo 50 walizitunga pamoja, naye hakuwahi kuandikwa. Wanamuziki waliojua kazi yao waliona hoja ndani yake. Nyimbo nyingi za Berry ziko kwenye funguo zinazomkaa vizuri mpiga piano, ambazo mpiga gitaa akiwa peke yake asingezichagua kirahisi. Keith Richards wa Rolling Stones alilisema hilo miaka mingi kabla ya kesi. Upande wa Berry, maneno yalikuwa yake, hadithi zilikuwa zake, na Johnson alikaa zaidi ya miaka 40 bila kudai.

Mwaka 2002 jaji aliifuta kesi kwa sababu muda wa kudai ulikuwa umepita. Mahakama haikufika kwenye swali la nani alitunga nini. Johnson, ambaye kwa miaka mingi aliendesha basi mjini St. Louis, alifariki Aprili 2005. Berry alimfuata Machi 18, 2017, akiwa na miaka 90. Hakimiliki ya Maybellene itadumu Marekani hadi mwisho wa 2050, na sasa mstari wa watunzi una jina moja. Redio ya kule ikiupiga leo, fungu la mtunzi linakwenda kwa warithi wa Berry. Piano ya Johnson inasikika kwenye rekodi hiyohiyo, na kwa kupigwa huko redioni hailipiwi kitu.